Brommapojkarna ya Stockholm na Ukuzaji wa Wachezaji Vijana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Brommapojkarna ni klabu gani?

Ni klabu ya soka ya upande wa magharibi wa jiji la Stockholm, Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1942. Watu huiita BP. Rangi zake ni nyekundu na nyeusi, na uwanja wake wa nyumbani ni Grimsta IP, karibu na Vällingby. Kikosi cha kwanza cha wanaume kimepanda na kushuka daraja mara nyingi: kilionja Allsvenskan, yaani ligi kuu, kwa mara ya kwanza mwaka 2007, na kwa mara ya karibuni kilirejea huko msimu wa 2023. Hata hivyo, nje ya Sweden wengi waliisikia BP kwa sababu ya vijana waliopita pale, si kwa sababu ya matokeo ya wakubwa.

Ni kweli ina timu nyingi kuliko klabu nyingine Ulaya?

Kwa miaka mingi imetajwa kuwa kubwa kabisa Ulaya kwa idadi ya timu: zaidi ya mia mbili, zenye wachezaji wanaopita 3,000, wavulana kwa wasichana. Idadi hiyo inashangaza mpaka uelewe jinsi timu inavyohesabiwa. Watoto wa miaka 8 nchini Sweden hucheza watano kwa watano, kwa hiyo timu moja huwa na watoto wanane au tisa hivi. Wakijitokeza watoto 100 wa mwaka mmoja wa kuzaliwa, tayari una timu zaidi ya kumi za umri huo peke yake. Nyingi kati ya hizo husimamiwa na wazazi wanaojitolea. Akademi ya ushindani, yenye makocha wanaolipwa, ni sehemu ndogo iliyo juu ya msingi huo mpana.

Wachezaji gani wanaojulikana wamepita pale?

Orodha ni ndefu. Hawa ndio wanaotajwa zaidi:

- Viktor Gyökeres, mshambuliaji. Alijiunga akitokea klabu ndogo ya Aspudden-Tellus, akacheza kikosi cha kwanza cha BP kuanzia 2015, kisha Brighton, Coventry, Sporting ya Lisbon, na Arsenal mwaka 2025.
- Dejan Kulusevski, winga. Aliingia BP akiwa mtoto wa miaka 6 na kuondoka 2016 kwenda Atalanta. Baadaye Juventus, halafu Tottenham.
- Lucas Bergvall, kiungo aliyezaliwa 2006. Alicheza kikosi cha kwanza cha BP akiwa na miaka 16, akahamia Djurgården, kisha Tottenham.
- Albin Ekdal, kiungo, aliyechukuliwa na Juventus mwaka 2008.
- John Guidetti, mshambuliaji, aliyekwenda Manchester City mwaka huohuo.
- Ludwig Augustinsson, beki wa kushoto, na Kristoffer Nordfeldt, kipa.
- Bojan Djordjic, aliyesajiliwa na Manchester United mwaka 1999.

Sweden ilipotwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 21 mwaka 2015 kwa kuifunga Ureno kwa penalti, kikosini walikuwamo Guidetti, Augustinsson na Simon Tibbling. Wote watatu ni zao la BP.

Klabu isiyo na makombe inawezaje kutoa wachezaji wa namna hiyo?

Jibu la kwanza ni kwamba haiwachuji watoto mapema. Mtoto wa miaka 9 anayeonekana mzuri mara nyingi ni yule tu aliyezaliwa Januari au Februari, akawa mkubwa kwa miezi kumi kuliko mwenzake wa Novemba. Klabu inayobakiza watoto 15 katika umri huo inachagua urefu na kasi, kisha miaka sita baadaye inashangaa kwa nini vipaji vimekwisha. Yenye watoto mia inaweza kusubiri. Gyökeres mwenyewe hakulelewa BP tangu utotoni. Alifika akiwa kijana, na mlango ulikuwa bado wazi.

La pili ni njia fupi ya kuingia kikosi cha kwanza. Klabu tajiri ina mchezaji wa miaka 27 mwenye mkataba mnono katika kila nafasi, na kijana wa 17 anabaki kucheza na vijana wenzake. BP haina fedha za kununua wa kumzibia njia. Mwaka 2017 Gyökeres, akiwa na miaka 19, aliongoza safu ya mbele wakati BP ikitwaa ubingwa wa Superettan, daraja la pili, na alifunga mabao 13. Hakuna zoezi la akademi linalofikia msimu mzima wa kusukumana na mabeki wenye miaka 30.

La tatu ni mazingira. Mjini Stockholm kuna AIK, Djurgården na Hammarby, pamoja na klabu nyingi ndogo, na vijana hukutana katika mashindano ya ligi ya Sankt Erikscupen bila safari ndefu. Mechi ngumu zipo kila wiki, umbali wa treni.

Isisahaulike kwamba katika hao maelfu, wanaofika soka la kulipwa ni wachache mno. Atakayekuambia akademi fulani, iwe hii au nyingine, "inahakikisha" ajira, anakuuzia maneno.

Watoto hucheza kwa mfumo gani kulingana na umri?

BP hufuata utaratibu wa shirikisho la soka la Sweden, uliofanywa wa lazima nchi nzima kuanzia 2019:

- Miaka 6–7: watatu kwa watatu, uwanja wa takriban mita 15 kwa 10, bila kipa, mpira namba 3.
- Miaka 8–9: watano kwa watano, urefu takriban mita 30, mpira namba 3.
- Miaka 10–12: saba kwa saba, urefu mita 50 hadi 55, mpira namba 4.
- Miaka 13–14: tisa kwa tisa, mpira namba 4.
- Kuanzia miaka 15: kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, mpira namba 5.

Sababu ya udogo huo ni hesabu tu. Mpira ni mmoja. Ukiugawa kwa watoto 22 kwenye uwanja mkubwa, wengine watarudi nyumbani wameugusa mara nne. Ukiugawa kwa sita, hakuna pa kujificha: kila mmoja anapiga chenga, anakaba, anafunga, anapoteza mpira na kuutafuta tena.

Katika saba kwa saba kuna kanuni moja ambayo makocha wa kwetu wangeifaidi haraka. Kipa anapokuwa na mpira mkononi au anapopiga mpira wa goli, wapinzani hurudi nyuma ya mstari uliowekwa. Beki anapata nafasi ya kupokea pasi fupi na kujenga shambulizi. Bila kanuni hiyo, kipa wa miaka 10 hupiga mbele kwa nguvu zake zote, mpira unaangukia katikati, na mechi nzima inakuwa ya kugombania mpira wa juu.

Kwa nini hakuna msimamo wa ligi kwa watoto wadogo?

Nchini Sweden msimamo hauchapishwi hadi mtoto apite miaka 12. Mechi zinachezwa, mabao yanahesabiwa na watoto wenyewe, na hakuna anayekatazwa kufurahia ushindi. Kinachoondolewa ni sababu ya kocha kumweka benchi mtoto dhaifu ili alinde nafasi ya tatu. Wazazi wengine hulalamika kwamba watoto hawafundishwi kushindana. Ukitazama ushindani ulioko BP kuanzia miaka 15, lalamiko hilo linakosa mashiko.

Wakati wa baridi wanafanyaje?

Wanacheza. Viwanja vya nyasi bandia husafishwa theluji, na mazoezi mengine huhamia kumbi za ndani. Ligi ya wakubwa huanza mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili na kuisha Novemba, tofauti na ligi nyingi za Ulaya. Kalenda hiyo ina athari kwenye mauzo: dirisha la kiangazi linapowaka Ulaya, BP iko katikati ya msimu, na inaweza kumpoteza mchezaji wake bora huku mechi kumi na zaidi zikiwa zimebaki.

Mbona basi haichukui ubingwa wa Sweden?

Kwa sababu anayechomoza anauzwa, na aliyeuzwa nafasi yake inajazwa na mwingine wa miaka 18. Ukuzaji wa vijana hauendi sambamba na uthabiti wa matokeo. Msimu wa 2014 ndio mfano mzuri: BP ilipata nafasi ya Europa League kupitia tuzo ya mchezo wa kiungwana, ikazitoa VPS ya Finland na Crusaders ya Ireland ya Kaskazini, kisha ikang'olewa na Torino kwa jumla ya mabao 7–0. Mwaka huohuo ikashuka daraja, na mwaka uliofuata ikashuka tena. Olof Mellberg, nahodha wa zamani wa Sweden, aliifundisha katika misimu ya 2023 na 2024, halafu naye akachukuliwa na St. Louis City ya Marekani. Hata makocha pale hupita.

Tunaishi Stockholm. Mtoto wetu anajiungaje?

Kama ana miaka 6 hadi 12, mwandikishe kwenye timu za kawaida za mtaani kupitia tovuti ya klabu. Hakuna majaribio. Utalipa ada ya uanachama na ada ya mazoezi. Usipomudu, uliza klabuni kimyakimya, kwani klabu nyingi za Sweden zina namna ya kusaidia familia. Nambari ya utambulisho ya Sweden hurahisisha usajili, lakini familia ambayo bado inaisubiri isikae nyumbani: uliza kwanza.

Mambo mawili huwashangaza wazazi wageni. Moja, utaombwa kuchangia kazi: kuuza chai na soseji siku ya mechi, kufua jezi, kuendesha gari, hata kuwa kocha msaidizi. Anayekubali kukaa na watoto hutakiwa kuonyesha hati ya polisi kwamba hana makosa fulani ya jinai. Pili, kumpigia mtoto kelele za maelekezo kutoka pembeni, au kumfokea mwamuzi wa miaka 14, kutakuletea mazungumzo na viongozi wa timu mapema kuliko unavyodhani.

Akademi ya ushindani ni habari nyingine. Huko mchezaji hutazamwa kwa muda, mara nyingi katika mechi dhidi ya timu za BP, kabla ya kualikwa.

Kijana wetu yuko Dar es Salaam au Nairobi na ana miaka 15. Anaweza kusajiliwa BP?

Kwa kawaida, hapana. Kanuni ya 19 ya FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji inazuia uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18. Vighairi vipo, lakini ni vyembamba:

- Wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na soka, kama kazi au masomo yao.
- Uhamisho uko ndani ya Umoja wa Ulaya au eneo lake la kiuchumi, na mchezaji ana miaka 16 hadi 18.
- Mchezaji anaishi mpakani, ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka, na klabu jirani nayo iko ndani ya kilomita 50.
- Ni mkimbizi, au mwanafunzi wa mpango wa masomo wa muda, kwa masharti yake.

Kinachowaangusha wengi ni kighairi cha kwanza. Familia inamtafutia mama kazi ya usafi katika jiji la klabu wiki tatu baada ya mtoto kufaulu majaribio, halafu inasema alihamia kwa ajili ya kazi. FIFA hutazama mfuatano wa tarehe. Mkataba wa kazi ulioanza baada ya mazungumzo na klabu huua ombi, na klabu inaweza kufungiwa kusajili.

Bergvall anaonyesha kwamba kanuni haiwabani Waafrika peke yao. Baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, klabu zake zilipoteza ruhusa ya kuchukua vijana wa miaka 16 na 17 kutoka Ulaya. Tottenham ilikubaliana na Djurgården mwanzoni mwa Februari 2024, siku zilezile alipotimiza miaka 18, na akajiunga nayo kiangazi. Guidetti, mwaka 2008, aliweza kwenda Manchester akiwa na miaka 16.

Wakala anataka alipwe ili amtafutie kijana majaribio Sweden. Tumlipe?

Hapana. Klabu inayomtaka mchezaji ndiyo huandika barua ya mwaliko kutoka anwani yake rasmi ya barua pepe, na barua hiyo hutaja tarehe, mahali atakapolala, nani analipa nini, na namba ya simu ya mtu ambaye ukipiga ofisi ya klabu utaunganishwa naye. Usitumie namba iliyo kwenye barua. Tafuta ya klabu mwenyewe. Viza ya Schengen ya muda mfupi inaruhusu siku 90 katika kila siku 180, haitoi haki ya kufanya kazi, na anayekwambia "ukishafika tutaibadilisha" anakutayarishia matatizo.

Hakiki pia leseni. Tangu 2023 wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18 anahitaji kwanza idhini ya maandishi ya mlezi.

Kuna uhusiano wowote kati ya BP na Afrika Mashariki?

Upo. Guidetti aliishi Nairobi na familia yake akiwa mtoto, na akacheza Impala BrommaBoys, timu iliyobeba jina la Bromma hadi Kenya. Mwaka 2018 Eric Johana Omondi, kiungo wa Harambee Stars aliyetokea Mathare United na kupitia Vasalund, aliichezea BP katika Allsvenskan. Njia yake ndiyo ya kawaida zaidi kwa Mkenya au Mtanzania: mtu mzima, ameshacheza ligi ya nyumbani, anaanzia daraja la chini la Sweden, kisha anapanda.

Na wasichana?

BP ina timu za wasichana za umri wote, na kikosi cha wanawake kimecheza Damallsvenskan, ligi kuu ya wanawake, kuanzia 2022. Jambo moja la kisheria kwa akademi zenye wasichana: fidia ya mafunzo ya FIFA haitumiki katika soka la wanawake, kwa hiyo usipange bajeti kwa kuitegemea.

Akademi yetu ina uwanja mmoja wa vumbi na mipira sita. Tuige nini?

Acheni kuiga majengo. Gaweni uwanja. Eneo la mita 60 kwa 40 hutoa viwanja vinne vya mita 30 kwa 20. Watoto 40 wakicheza wanne kwa wanne, 32 wako mchezoni, na wanane waliobaki wanafanya kazi ya mpira nje ya mstari kisha wanabadilishana. Mipira minne inatumika ndani na miwili nje. Wakiwa wawili wawili kwa mpira, mingine miwili azimeni. Chezeni dakika nne, pumzikeni moja, rudieni mara sita. Mpira ukitoka, aliye karibu aurudishe kwa kuukokota, si kwa kurusha, ili mchezo usikatike.

Kosa tunaloliona kila mahali ni foleni: watoto 15 nyuma ya koni, mmoja anapiga shuti, 14 wanatazama. Kwa saa nzima kila mmoja anapiga mashuti manane. Kosa la pili ni kuwapanga mabeki wa kudumu wakiwa na miaka 9 kwa sababu wana miili mikubwa; wenzao wakishawafikia kwa kimo, hawana kingine wanachojua.

Andikeni pia mwezi wa kuzaliwa wa kila mtoto kwenye daftari la mazoezi. Ikiwa karibu timu yenu ya kwanza yote imezaliwa kati ya Januari na Aprili, mnachagua umri mkiita kipaji.

Klabu iliyomlea mchezaji hulipwa nini akiuzwa?

Kuna malipo mawili tofauti, na watu huyachanganya.

Mchango wa mshikamano ni asilimia 5 ya ada ya uhamisho, inayogawanywa kwa klabu zilizomfundisha mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 hupata robo asilimia ya ada. Kila mwaka wa 16 hadi 23 hupata nusu asilimia. Chukua mfano wa Kulusevski akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada ya euro milioni 35, mbali na nyongeza. Miaka minne ya umri wa 12 hadi 15 aliyokuwa BP ni asilimia 1, yaani euro 350,000 kwa hesabu ya kanuni, na sehemu ya mwaka wa 16 juu yake. Haki hiyo hufufuka kila anapouzwa tena akiwa ndani ya mkataba.

Fidia ya mafunzo hulipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, na katika uhamisho wa kimataifa unaofuata hadi mwisho wa mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23. Barani Ulaya viwango kwa mwaka ni euro 90,000 kwa klabu za daraja la kwanza la FIFA (si daraja la ligi, bali kundi la gharama za mafunzo), 60,000 la pili, 30,000 la tatu na 10,000 la nne. Miaka ya 12 hadi 15 huhesabiwa kwa kiwango cha daraja la nne. Kwa hiyo kijana aliyekuwa akademi yenu misimu ya miaka 14 hadi 17, akasaini akiwa na 18 katika klabu ya Ulaya ya daraja la pili, anawaletea 20,000 kwa miaka miwili ya mwanzo na 120,000 kwa miwili iliyofuata: jumla euro 140,000. Akisaini klabu ya daraja la nne, hakuna fidia.

Nini hukwamisha malipo hayo?

Karatasi. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupita katika mfumo wa malipo wa FIFA, unaosoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Pasipoti hiyo hujazwa kutokana na kumbukumbu za shirikisho, TFF kwa Tanzania au FKF kwa Kenya. Kituo ambacho si klabu iliyosajiliwa chini ya shirikisho hakionekani, hata kama kilimlea mtoto miaka kumi.

Kwa kila mchezaji kuanzia miaka 12 hifadhini nakala ya cheti cha kuzaliwa, fomu ya usajili yenye tarehe ya kuanza na ya kuondoka, na uthibitisho kwamba shirikisho liliipokea. Jina liwe herufi kwa herufi lile la cheti. "Juma Ally" wa fomu na "Juma Ali Hassan" wa pasipoti ni watu wawili kwa kompyuta. Msipunguze umri wa mchezaji. Tarehe mbili za kuzaliwa husimamisha dai, na kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, ambacho FIFA imekitumia katika mashindano ya chini ya miaka 17 tangu 2009, kinaweza kumwondoa mchezaji kabla dai halijafika popote. Mchezaji akihamishwa kwa mkopo ndani ya nchi, andikeni tarehe zote mbili, kwa sababu miezi ya mkopo huhesabiwa kwa klabu aliyokuwa akichezea.